Kisanduku cha Sauti na Haki ya Mpigaji Simu

Mfumo wa ujumbe wa sauti ofisini ni chombo chepesi: mpigaji husikiliza maelekezo, husubiri mlio, kisha hueleza haja yake, naye mhudumu huingiza nambari ya siri na kumsikiliza. Hata hivyo, maelekezo yakitolewa kwa Kiingereza pekee, asiyekielewa hukata simu kabla ya mlio, na haja yake haimfikii mtu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kwa hivyo, kurekodi sentensi tatu za Kiswahili katika ofisi ya umma si hisani. Wanaisimu na wafasiri nao wasiridhike kuunda istilahi tu; wazitunge sentensi hizo na kuzifikisha ofisini.