Je, Ni Haki Chuo Kikuu cha Umma Kumpendelea Mkazi?

Wapo watahiniwa wa kidato cha nne wanaotamani kusomea Marekani. Wengi wao huamini kwamba alama nzuri pekee zitawafungulia mlango. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina vyuo vikuu vyake vya umma. Katika vyuo vingi vya aina hiyo, mkazi wa jimbo hutangulizwa. Je, ni haki?

Wanaopinga wana hoja nzito. Mtoto hachagui mahali pa kuzaliwa. Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill. Mwaka 1986 iliamuliwa kwamba wanafunzi wapya kutoka nje ya jimbo wasizidi asilimia 18. Waombaji wa nje ni wengi kuliko wakazi, ilhali wanagombea nafasi zisizofika moja kati ya tano. Kijana hodari wa jimbo jirani anaweza kukosa nafasi ambayo mkazi mwenye alama kama zake ataipata. Kwake yeye, huo ni ubaguzi.

Hata hivyo, mimi naona jimbo lina haki ya kuwatanguliza watu wake. Chuo cha umma hutegemea kodi ya wananchi. Mkulima na dereva wa North Carolina hukichangia chuo hicho miaka mingi kabla ya mtoto wao kufika darasa la mwisho. Si vyema aliyechimba kisima afe kwa kiu huku wengine wakiteka maji.

Isitoshe, wenyeji wasipolindwa, pesa huamua. Mtu wa nje hulipa karo ambayo mara nyingi ni maradufu ya ile ya mkazi, au hata zaidi. Baada ya uchumi kuyumba mwaka 2008, majimbo mengi yalipunguza fedha za vyuo, navyo vyuo vikaanza kuwatafuta wanafunzi wa nje. Ikawa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko California wazazi walilalamika kwamba watoto wao wanasukumwa kando, na mwaka 2017 Chuo Kikuu cha California kikaweka mipaka kuhusu idadi ya wanafunzi wa nje. Kwa upande mwingine, katika Chuo Kikuu cha Alabama zaidi ya nusu ya wanafunzi wametoka nje ya jimbo. Kwa hivyo, kuwa mtu wa nje si kizingiti kila mahali.

Lakini kumtanguliza mkazi hakutoshi ikiwa wakazi wanaofaidika ni wa shule za kitajiri tu. Texas ilitambua jambo hili. Sheria ya mwaka 1997 iliwapa nafasi katika vyuo vya umma wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya kila shule ya sekondari jimboni. Baadaye chuo cha Austin kiliruhusiwa kupunguza kiwango hicho kwa sababu ya wingi wa waliofuzu, ila msingi wake ulibaki: mtoto wa shule ya kijijini hushindana na wenzake wa darasani. Upendeleo wa namna hii naukubali kwa moyo mmoja.

Wewe mtahiniwa una funzo gani hapa? Kwanza, ukiomba nafasi kutoka Afrika Mashariki, utahesabiwa kuwa mtu wa nje katika kila jimbo. Pili, usidanganywe kwamba kukaa kwa mjomba Dallas miezi michache kutakufanya mkazi. Majimbo mengi hudai makazi ya kudumu ya mwaka mzima, na kwa kawaida muda unaoishi huko kwa ajili ya masomo tu hauhesabiwi. Tatu, vyuo vya kibinafsi kama Harvard hutoza karo moja kwa wote, na vingine vina ufadhili kwa wageni. Soma masharti ya kila chuo kabla mzazi hajauza shamba.

Kwa kumalizia, jimbo lina haki ya kulisha wanawe kwanza. Wajibu wake ni kuhakikisha kwamba wana wote, wa tajiri na wa maskini, wanafika mezani.