Bibi Alitungoja Tangu Saa Nane

Wapo wenzetu seminarini wanaosema kwamba frateri akipewa ruhusa ya mwisho wa juma aende kwao, asali, awasalimie wazee, arudi. Kuzunguka kutazama vivutio, wanasema, ni anasa na ni kuiga watalii. Sisi hatukubaliani nao. Nchi hii ni yetu, na padre wa kesho asiyeijua atawahubiria watu wa wapi? Lakini tangu turudi kutoka Kondoa tumelazimika kukiri kwamba wenzetu hao wameshika sehemu ya ukweli, na sehemu hiyo sisi tuliipata kwa aibu.

Tulikuwa wanne. Mpango ulikuwa kumtembelea bibi wa mmoja wetu, anayeishi upande wa Haubi, wilayani Kondoa. Mjukuu wake hakuwa amemwona tangu msiba wa babu. Na kwa kuwa Kolo iko njiani, tukasema tutaiona na michoro ya miambani. Tuliazima Noah ya kaka wa mmoja wetu, mafuta tukachangishana, na Ijumaa baada ya chakula cha mchana tukatoka Moshi. Pale Makuyuni magari ya watalii hukata kulia kwenda Karatu na Ngorongoro, sisi tukanyoosha. Magugu tukanunua mchele kilo kumi, maana mtu haendi kwa bibi mikono mitupu. Usiku tukalala Babati, kwenye nyumba ya mapadre waliotupokea vizuri kuliko tulivyostahili.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Kolo mapema. Barabara ya lami ya Babati hadi Dodoma, iliyozinduliwa mwaka 2018, imeifanya safari ile kuwa nyepesi. Ofisini tukalipa kiingilio, tukapewa mwongozaji, tukapanda mlima. Asiyewahi kufika aamini tu kwamba kupanda kule kunataka magoti mazima. Juu, chini ya mwamba ulioinama kama paa, wamo watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vyao vikubwa kama vimesukwa, na wanyama kando yao. Katika milima ile yapo mapango na vibanda vya miamba zaidi ya 150 vyenye michoro, na mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili michoro hiyo, na mwaka 1983 akaitolea kitabu. Ile nyekundu husemwa kuwa kazi ya wawindaji wa kale. Ile nyeupe, iliyo mingi mahali pengine, ni ya wakulima waliokuja baadaye.

Sasa weka wanafunzi wanne wa falsafa mbele ya mchoro ambao hata wataalamu hawajakubaliana maana yake. Ni kundi la watu, na mmoja katikati ameshikwa huku na huku. Wako waliosema anatekwa, wako waliosema ni ngoma ya tiba. Tulikaa chini tukabishana. Je, mchoraji alikuwa anaomba, anakumbuka, au anafurahia mkono wake tu? Mmoja wetu akamwita Aristotle, mwingine akamkatalia. Mwongozaji alitazama saa yake mara mbili. Tulipomaliza mwamba wa kwanza tukataka wa pili, na wa pili ulipokwisha tukasema haiwezekani kufika mpaka hapa tukaacha wa tatu.

Tulipoacha lami ilikuwa jioni. Kwenye mto mmoja mkavu Noah ikazama mchangani, na vijana waliokuwa wanarudisha mbuzi wakatusukuma wakicheka. Tuliingia uani kwa Bibi giza limeshaanza.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Ndiyo mnafika?"

Hakusema zaidi wakati ule. Alitunawisha, akatuandalia ugali wa uwele na jogoo ambaye kwa namna alivyopoa ilionekana ameiva mchana. Ni shangazi ndiye aliyetuambia, alipotusindikiza kwenye chumba cha kulala. Jumuiya nzima ilikuja tangu saa nane. Walikuwa wameambiwa mafrateri wanne wanakuja, na jambo hilo si la kila mwaka huko. Walikaa chini ya mwembe, wakasali rozari, wakaimba, wakangoja. Yupo mzee mmoja, nduguye babu, aliyeletwa kwenye baiskeli kwa sababu miguu haimbebi. Saa kumi na moja wakaondoka, kwa kuwa mbuzi na watoto hawangoji frateri.

Ilikuwa Jumamosi. Mkatoliki yeyote anajua Jumamosi husaliwa matendo ya furaha, na tendo la pili ni Maria kwenda kumtembelea Elizabeti. Watu wale walitafakari habari ya mgeni anayefika, huku wageni wao wakiwa wamekaa juu ya mwamba, wanawahoji marehemu wasio na majina.

Hapo ndipo maoni yetu yalipobadilika. Hatusemi tulikosea kupanda Kolo. Tulikosea kumfanya Bibi awe mahali pa kulala baada ya Kolo. Mtakatifu Luka anatuambia kwamba Maria alikwenda kwa haraka katika nchi ya vilima, na kwamba alikaa huko karibu miezi mitatu. Njiani aliona nini, hatuambiwi neno. Bila shaka aliona mengi, vilima vile ni vizuri. Ila haraka yake ilikuwa ya kufika, na utulivu wake ulikuwa wa kukaa. Sisi tulikuwa watulivu njiani, kisha kwa Bibi tukawa watu wa kutazama saa, kwa kuwa ruhusa yetu iliishia Jumapili jioni na barabara ya kurudi ni zaidi ya kilomita 300.

Tuseme pia jambo ambalo familia nyingi zinalijua na hazilisemi. Siku hizi ndugu wa mbali tunawaona misibani. Tunafika usiku, tunazika, tunarudi, na mtoto anajua kaburi la babu yake kabla hajajua uani kwake. Kwa seminari hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa frateri huombewa ruhusa ya msiba upesi, lakini nani ameomba ruhusa akamwone shangazi aliye mzima? Basi anayepata nafasi hiyo asiigawe kama tulivyoigawa sisi.

Usiku ule Bibi alituuliza, "Mmeiona hiyo michoro? Inasemaje?" Tukajaribu kumweleza. Alisikiliza kwa adabu. Yeye hajapanda mlima ule hata siku moja. Wazee wa zamani walikwenda huko kuomba mvua, na yeye alikuwa mtoto wa misheni, akakatazwa. Hakusema kama anajuta. Alisema tu kwamba asubuhi atatuonyesha na yeye cha kwake.

Cha kwake kilikuwa korongo nyuma ya nyumba. Pana, refu, kuta zake nyekundu, na chini yake miti. Tungepita hapo bila kuangalia mara mbili. Alisimama na fimbo yake akatueleza kwamba alipoolewa korongo lile lilikuwa linakula shamba kila masika. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lote lililomomonyoka, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe wao kumi na mmoja walipelekwa kwa shemeji nje ya eneo. Nyasi zikarudi, miti ikarudi, korongo likaacha kula.

"Udongo ulipona," alisema, "na sisi tukanywa chai ya rangi."

Tulimwuliza kama serikali ilifanya vema. Alifikiri kidogo, akasema watoto wake wawili wadogo walikua bila maziwa, na wajukuu wake leo wanalima hapo. Zaidi ya hapo hakutaka kuhukumu. Tumesoma darasani kuhusu manufaa ya wote, tukaandika na mtihani. Hakuna aliyewahi kutuwekea upande wa pili wa hesabu hiyo wazi namna ile. Na Bibi hana kiingilio wala mwongozaji. Anahitaji tu mtu aliyelala kwake na hana haraka asubuhi.

Kigangoni siku hiyo padre hakuwepo, katekista aliongoza ibada. Baada ya matangazo tukaomba kusimama. Tulikuwa tumeandaa salamu za seminari, lakini tulianza kwa kuomba radhi kwa jumuiya kwa kuwaweka mwembeni tangu saa nane. Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Nduguye babu alikuwa ameletwa tena, kwa baiskeli ileile. Alitushika mikono mmoja mmoja akasema, "Basi leo nimewaona." Tulimwombea pale pale, na hatukuwa na maneno mengi.

Kwenye mpango wetu wa kurudi palikuwa na Ziwa Babati, kupanda mtumbwi na kuona viboko. Tulilifuta, tukakaa kwa Bibi mpaka saa sita, tukala, mjukuu wake akaenda naye peke yake kaburini kwa babu. Sisi watatu tulibaki tukipukuchua uwele vibaya mpaka shangazi akatunyang'anya ungo. Seminarini tulichelewa kwa dakika arobaini, na tulimweleza mlezi sababu yote kama ilivyo.

Ruhusa ijayo tunakwenda Katesh kwa shangazi wa mwingine wetu. Mlima Hanang unaonekana kutoka uani kwake, tutautazama hapo hapo. Tumeshampigia simu kuuliza jumuiya yao inakutana lini. Amesema Jumamosi, saa tisa.