Mlango wa Kuacha Pombe Si Mmoja

Imekuwa desturi katika vitabu vya kigeni, na sasa katika semina zetu wenyewe, kumweleza mtu aliyetekwa na ulevi kwamba njia ya kuokoka ni moja tu: ajiunge na kikundi cha walevi wenzake, akiri mbele yao kwamba pombe imemshinda, kisha aendelee kuhudhuria mikutano yao miaka nenda miaka rudi. Katika makala haya nakusudia kutoa hoja kwamba ushauri huo, ijapokuwa umewafaa watu wengi, huacha kuwa wa kisayansi pale unapotolewa kana kwamba hakuna mwingine. Tena kwa nchi kama zetu, ambako vikundi vya namna hiyo aghalabu huwa katika miji mikubwa, kuusisitiza peke yake ni sawa na kumwambia mgonjwa wa kijijini kwamba dawa yake ipo, ila imewekwa mahali asipofika.

Kikundi kilichokuwa kielelezo cha vingine vyote ni Alcoholics Anonymous, kilichoanza mwaka 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Waanzilishi wake walikuwa wawili: Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, na daktari mpasuaji Bob Smith, wote wakiwa wameteswa na pombe kwa miaka mingi. Hatua zao 12 zilichapishwa kitabuni mwaka 1939. Hakuna ada, majina ya ukoo hayatajwi, na mgeni hupata papo hapo marafiki wasiokunywa. Hilo la mwisho ni jambo kubwa, na sina ugomvi nalo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na wale waliochukua mlango mmoja wakauita nyumba nzima.

Mwanasayansi anapoambiwa kwamba njia fulani ndiyo pekee, swali lake la kwanza huwa jepesi: je, waliofaulu wote walipita huko? Jibu la takwimu ni la. Huko huko Marekani ulifanywa uchunguzi wa taifa zima katika miaka ya 2001 na 2002, na mwaka 2005 Deborah Dawson na wenzake wakatoa matokeo kuhusu watu 4,422 waliowahi kuwa watumwa wa pombe katika miaka iliyotangulia. Robo tu ya watu hao walikuwa wamewahi kupata msaada wa aina yoyote, iwe hospitali au mikutano ya hatua 12. Hata hivyo, waliokuwa bado wametekwa na pombe katika mwaka wa uchunguzi walikuwa robo tu, na kiasi cha asilimia 36 walikuwa wamepona kabisa, karibu nusu yao kwa kuacha moja kwa moja na waliobaki kwa kunywa kidogo kiasi cha kutowadhuru. Nchini Kanada nako, Linda Sobell na mumewe Mark Sobell walionyesha mwaka 1996, kwa kutumia hesabu mbili tofauti za watu, kwamba zaidi ya robo tatu ya waliokwisha kuvuka tatizo la pombe walivuka bila ya matibabu wala kikundi. Walipoulizwa imekuwaje, wengi hawakutaja muujiza. Walisema kwamba walikaa wakapima: pombe inanipa nini, na inaninyang'anya nini.

Huenda msomaji akasema kwamba watu hao hawakuwa walevi wa kweli. Hoja hiyo ina uzito, nami nitairudia. Lakini kwanza tutazame jaribio lililofanywa jijini London na Griffith Edwards, Jim Orford na wenzao, likachapishwa mwaka 1977. Walichukua wanaume 100, wote wenye wake, wote walevi waliofikishwa hospitalini. Kundi moja lilipewa kila kilichokuwapo wakati ule: miadi ya daktari kwa miezi kadhaa, dawa, kuelekezwa kwenye mikutano ya kikundi, na kulazwa ilipobidi. Kundi la pili, baada ya kupimwa kwa makini, lilipewa kikao kimoja tu cha ushauri, mke akiwapo, na mwanamume akaambiwa waziwazi kwamba kazi hii iko mikononi mwake mwenyewe. Baada ya hapo ilikuwa ni kufuatilia habari zao tu. Mwaka ulipokwisha hapakuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Tazama jinsi ujumbe ulivyokuwa kinyume: hatua ya kwanza kati ya zile 12 humtaka mtu akubali kwamba hana uwezo juu ya pombe, ilhali hawa waliambiwa kwamba uwezo wanao. Matokeo yakawa yale yale.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, William Miller huko Marekani aligundua jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Wanywaji waliopewa kitabu cha kujiongoza nyumbani walipunguza pombe karibu sawa na wale waliokuja kuonana na mshauri wiki hata wiki. Mwaka 2002 akina Sobell wakapeleka maelezo kwa njia ya posta kwa watu 825 walioitikia matangazo. Unywaji wao ulipungua mwaka uliofuata, na vijitabu vya kawaida vilifanya kazi sawa na barua zilizoandikwa mahsusi kwa kila mmoja. Sisi ambao sanduku la posta tunalijua vizuri, na simu ya mkononi sasa tunayo, tungepaswa kuwa wa kwanza kuyasikia matokeo hayo.

Wala hatuko mbali na utafiti huu. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizoshirikiana na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1980 kutunga maswali 10 yanayojulikana kama AUDIT. Kila swali hupewa alama 0 hadi 4, jumla 40. Anayepata 8 au zaidi yumo hatarini. Anayefika 20 yafaa achunguzwe kama tayari ni mraibu. Haihitaji maabara wala daktari bingwa. Kenya na Zimbabwe zilikuwamo pia katika jaribio la shirika hilo lililotangazwa mwaka 1996, ambamo wanaume wanywaji waliopewa ushauri mfupi walikunywa kwa siku pungufu kwa kiasi cha asilimia 17 kuliko wasiopewa. Dakika tano za maneno machache zilifaa sawa na dakika ishirini.

Basi mtu anayetaka kujiongoza mwenyewe hufanya nini? Kwanza huhesabu, na hapa mwalimu wa kemia ana somo zuri la darasani. Alkoholi ina uzito wa gramu 0.79 hivi kwa kila mililita. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi, yaani karibu gramu 20. Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 200 kwa asilimia 35, ina mililita 70, yaani gramu 55. Ini la mtu mzima husaga gramu 7 hadi 10 kwa saa, wala halihimizwi kwa kahawa, maji baridi, au kutembea. Mwenye kumaliza chupa ile saa nne za usiku bado anayo mwilini alfajiri. Mtu aliyezoea kusema "nilikunywa kidogo tu" akiandika gramu zake katika daftari kwa wiki mbili, mara nyingi daftari humwambia yale ambayo mkewe amekuwa akimwambia kwa miaka, nalo halipigi kelele.

Safu ya pili ya daftari ni muhimu kuliko ya kwanza: wapi, na nani, baada ya jambo gani. Pombe zetu zina majira na adabu zake. Ulanzi wa Iringa hugemwa wakati wa masika. Mbege ya Uchagani huambatana na kikao, na kukikwepa kibuyu ni kama kuikwepa jamaa. Mfanyakazi wa mjini huangukia siku ya mshahara. Ndiyo maana mpango ulionakiliwa neno kwa neno kutoka Ohio hauwezi kumtosha mtu wa Moshi: hatari yake haiko katika baa anayoweza kuipita bila kuitazama, bali katika ugeni, ubatizo, mahari na matanga, mahali ambapo kukataa ni neno zito. Mwenye mpango mzuri hutunga jibu lake mapema, huchagua kinywaji kingine cha kushika mkononi, humwambia jamaa mmoja mwenye heshima amtetee kikaoni, na mshahara huukabidhi nyumbani kabla jua halijatua. Huweka tarehe ya kuanza, tena huiandika. Siku akiteleza, huandika pia alivyoteleza, maana kosa lililoandikwa hutoa habari, na lililofichwa hutoa aibu tu.

(Mazingira nayo husaidia au hukwamisha. Tanzania ilipopiga marufuku pombe za viroba mwezi Machi 2017, iliondoa dukani pombe iliyoweza kuingia katika mfuko wa shati. Sheria haimwachishi mtu pombe, lakini huongeza hatua kati ya tamaa na mdomo.)

Neno kujitegemea tumelizoea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, na tulijifunza kwamba kujitegemea si kujitenga. Hapa pia ni hivyo. Mke, mume, kaka, mzee wa ukoo, au mganga wa zahanati ana nafasi yake. Zipo pia dawa. Disulfiramu, ambayo sifa yake ya kumfanya mnywaji ajisikie vibaya sana iligunduliwa Denmark katika miaka ya 1940, na naltreksoni, iliyoidhinishwa Marekani kwa ulevi mwaka 1994 na ambayo hupunguza ile raha inayovuta kinywaji cha pili, zote hutolewa kwa maagizo ya daktari bila kumlazimisha mtu kuingia katika mkutano wowote. Kuna watu ambao faragha kwao ni sharti. Mwalimu wa mji mdogo akienda kwenye kikao cha walevi, jina lake laweza kufichwa, lakini uso haufichiki, na kesho yake wazazi wa wanafunzi wake watakuwa na habari.

Sasa nirudi kwenye pingamizi. Mwaka 2020 ulitolewa uchambuzi mkubwa wa shirika la Cochrane, uliojumlisha tafiti 27 zenye watu 10,565. Ulionyesha kwamba mipango iliyoandaliwa vizuri ya kuwaingiza watu katika hatua 12 ilileta asilimia 42 ya watu walioacha kabisa baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 35 kwa tiba nyingine kama ile ya kurekebisha fikra na tabia. Tofauti hiyo ni ya kweli na anayeipuuza kwa sababu haimpendezi hafanyi sayansi. Lakini isomwe ilivyo: hata katika kundi lililoongoza, zaidi ya nusu hawakufika huko, na waliofika bila kikundi si wachache. Ni kweli vilevile kwamba wengi wa wanaojiponya wenyewe ni wale ambao tatizo lao halijaota mizizi mirefu, wenye kazi, nyumba na jamaa. Aliyekwisha kupoteza vyote hivyo huenda akahitaji kikundi zaidi ya mtu mwingine, kwa kuwa kikundi humrudishia jamaa. Ninachokataa ni kumngoja mtu afilisike ndipo tumpe ushauri.

Pingamizi la tatu si la maneno, ni la uhai, na nawaomba walimu walieleze kwa utaratibu. Alkoholi huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, na huzuia kazi ya glutamati, ile inayouchangamsha. Mtu anywapo sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujirekebisha kwa kulegeza breki na kukanyaga mafuta, ili usawa upatikane. Pombe ikiondolewa ghafla, breki hakuna na mafuta yamekanyagwa. Mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege laweza kutokea katika siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwapo, hupata homa, na wasipotibiwa hufa. Kijijini watu husema amerogwa, kumbe ameacha pombe. Hospitali hutumia dawa za jamii ya diazepamu kuurudisha ubongo polepole, pamoja na vitamini B1 kuukinga usipate madhara ya kudumu. Kwa hiyo mtu anayetetemeka asubuhi mpaka anywe, au aliyewahi kupata degedege alipoacha, asiache peke yake nyumbani. Apite hospitali kwanza, kujiongoza kutamngoja.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Mwanafunzi si mganga wa mzazi wake. Anaweza kuyaacha yale maswali 10 mezani, basi. Mzazi asipobadilika, hesabu hiyo si ya mtoto.

Tunachoweza kufanya kwa gharama ndogo ni kutoa kijitabu cha Kiswahili kisichozidi kurasa 20: maswali ya AUDIT, jedwali la gramu likiwa na vipimo vya bia, mbege na pombe kali kwa vyombo tunavyovitumia, daftari la wiki nne, na majibu ya kukataa yaliyotungwa na watu wa hapa. Kigawiwe zahanati, shule, na ofisi za kata, bila kumtaka mtu ajiandikishe jina. Nguvu ya pombe za kienyeji hutofautiana mno toka mpishi hadi mpishi, na kuzipima ni kazi ambayo maabara ya sekondari yenye kipimo cha kunereshea inaweza kuianza muhula huu, mradi chini ya usimamizi wa mwalimu na kwa idhini ya mkuu wa shule. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu hicho uwe na onyo la mtetemeko wa asubuhi, kwa herufi kubwa.