Mhudumu wa afya si daktari, tusimsukume avuke mpaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotuhusu sisi wakazi wa Mafia, na naamini linawahusu wenzetu wengi wa vijijini pia. Jambo lenyewe ni kazi ya wasaidizi wa afya wanaotufuata majumbani. Kazi yao ni ipi, inaishia wapi, na sisi tunaohudumiwa tuna wajibu gani?

Nianze kwa kukiri kosa langu. Shangazi yangu ana matende ya mguu tangu ujanani. Mhudumu wa afya wa kijiji chetu, dada mmoja mpole, alimfundisha kuuosha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, kuukausha vizuri hasa katikati ya vidole, kuuinua anapokaa au kulala, na kutotembea peku. Mguu ukatulia, harufu ikaondoka, na shangazi akaanza tena kwenda shughulini kama wanawake wenzake.

Usiku mmoja, miaka michache iliyopita, mguu ulivimba ukawa wa moto, na shangazi akashikwa na homa ya kutetemeka. Tukamwita yule dada. Akaupoza mguu kwa maji ya baridi, akaandika karatasi ya rufaa, akatuambia tumpeleke mgonjwa kituoni bila kuchelewa. Sisi tukataka sindano. Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote. Nilimwuliza alisomea nini ikiwa hata sindano hajui kuchoma. Akanijibu, "Kaka, hiyo si kazi yangu. Nikichoma na mambo yakaharibika, nitamrudishaje?"

Hatukumsikiliza. Tukamtafuta mtu mwingine ambaye sifa yake ilikuwa moja tu, kwamba aliwahi kufagia chumba cha sindano. Akachoma. Haukupita muda uso wa shangazi ukavimba na pumzi ikambana. Mungu alisaidia, gari likapatikana, tukamfikisha hospitali ya wilaya Kilindoni na waganga wakamwokoa. Lakini asubuhi yake maneno yaliyoenea kijijini yalikuwa kwamba mhudumu wa afya karibu aue mtu. Aliyekataa ndiye aliyelaumiwa, na sisi tuliovuka mpaka tukanyamaza. Barua hii ni sehemu ya deni langu kwake.

Ndugu Mhariri, chanzo cha makosa haya ni kwamba wananchi wengi hatujui nani ni nani. Kila avaaye koti jeupe tunamwita daktari, na kila mwanamke aliye zahanati ni nesi. Ukweli ni kwamba wapo watu wa aina mbalimbali. Yupo muuguzi, ambaye kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 lazima atambuliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na awe na leseni. Yupo mhudumu wa afya wa wodini, ambaye kazi yake ni kumwogesha na kumlisha mgonjwa asiyejiweza, kubadilisha mashuka, kusafisha vyombo na kupeleka vipimo maabara. Kisha yupo mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayepita nyumba kwa nyumba. Huyu huelimisha, hutambua dalili za hatari kwa mama mjamzito na mtoto, hufuatilia wanaotumia dawa za muda mrefu, humsaidia mgonjwa wa nyumbani, na humwandikia rufaa anayehitaji tiba kubwa. Wote wana heshima yao, lakini hawawezi kubadilishana kazi kama watu wanaopokezana kasia.

Sisi watu wa Mafia tunayo sababu ya kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Mwaka 2000 mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza kugawa dawa hapa kisiwani kwetu kabla ya kwenda kwingine. Waliogawa dawa hizo vijijini walikuwa wananchi wenzetu waliopewa mafunzo mafupi. Walikuwa na fimbo ya kupimia urefu, na kwa urefu wa mtu walijua ampewe vidonge vingapi. Walikuwa pia na orodha ya wasiopaswa kupewa, yaani mama mjamzito, aliyejifungua karibuni, mtoto mdogo, na mgonjwa mahututi. Mwenye busha kubwa hawakumdanganya kwamba vidonge vitaliondoa. Walimwelekeza hospitali kwa upasuaji. Kazi ile iliwezekana kwa sababu mipaka yake ilikuwa wazi. Mgawa dawa ambaye angeona haya kumnyima mama mjamzito aliyeomba, angekuwa ameharibu kazi nzima.

Kwa hiyo nasema kwamba mpaka wa mhudumu haumdhalilishi. Ni ngao ya mgonjwa, na ni ngao yake yeye mwenyewe. Anayesema "hili siliwezi, mpeleke mbele" amefanya kazi yake kamili.

Hata hivyo si haki kuwalaumu wananchi peke yao. Mpaka usio na njia ya kupita kwenda kwa mkubwa ni adhabu. Kumwambia mtu wa Kilindoni "nenda hospitali" ni jambo moja. Kumwambia hivyo mtu wa Jibondo, Juani au Chole saa nane ya usiku, maji yamekupwa na upepo ni mkali, ni jambo jingine kabisa. Na tukishafika Kilindoni, mgonjwa akihitaji kupelekwa Tumbi au Muhimbili, bado kuna bahari ya kuvuka hadi Nyamisati, au ndege kwa mwenye uwezo. Mfa maji haachi kutapatapa. Familia iliyokosa chombo itamlazimisha aliye karibu atibu, na aliye karibu ni yule mhudumu.

Tena tusisahau tulikotoka. Miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, nchi yetu iliandaa wahudumu wa afya wa vijiji na kuwapa kisanduku cha dawa. Wazo lilikuwa jema. Lakini kijiji ndicho kilichotakiwa kuwatunza, na vijiji vingi havikuweza. Dawa zikaisha, wasimamizi hawakufika, na wengi wakarudi mashambani na baharini.

Tarehe 31 Januari 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alizindua mpango mpya wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo ni kupata wahudumu 137,294 katika miaka mitano, yaani wawili kwa kila kitongoji au mtaa, baada ya mafunzo ya miezi sita. Naupongeza mpango huu kwa moyo wote. Ila ili usiishie kama kile kisanduku cha zamani, natoa mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, kazi za mhudumu na mambo asiyoruhusiwa kufanya yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji na zahanati, na yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Mtu asimlaumu mwenzake kwa sheria asiyoijua.

Pili, kila kisiwa kidogo kiwe na chombo na nahodha waliokubaliwa mapema kwa ajili ya dharura, pamoja na fungu la mafuta linalosimamiwa na serikali ya kijiji. Mhudumu naye awe na namba ya simu ya mganga wa zamu, ili usiku asibaki peke yake na jamaa wenye hofu.

Tatu, alipwe posho yake kwa wakati, na muuguzi wa zahanati amtembelee kazini mara kwa mara. Mhudumu asiyelipwa ndiye atakayeshawishika kuuza vidonge na kuchoma sindano kwa siri.

Nne, wahudumu wenyewe watunze siri. Kisiwa chetu ni kidogo, na neno likitoka Kirongwe asubuhi, jioni limefika Utende. Mgonjwa akijua kwamba habari zake zitafika baraza la kahawa, hatamfungulia mlango tena.

Tano, ni letu sisi jamaa wa wagonjwa. Mhudumu hakuja kuwa mtumishi wa nyumba. Kumwogesha mzee wetu, kumgeuza kitandani, kumpikia na kukaa naye ni kazi ya nyumba. Yeye huja kutuonyesha namna iliyo salama. Wapo wanaomwachia mgonjwa tangu asubuhi hadi jioni, kisha hulalamika kwamba mhudumu ni mvivu. Tabia hiyo si ya kiungwana.

Ndugu Mhariri, shangazi yangu yu hai na anaendelea kuosha mguu wake kila siku kama alivyofundishwa. Yule dada bado anapita kwetu, ingawa angekuwa na haki ya kuturuka. Nilimwomba radhi mbele ya familia, lakini lawama alizipata mbele ya kijiji kizima, ndiyo maana nimeona niandike mahali ambapo wengi watasoma.

Natumaini wahusika watayaangalia mapendekezo haya, na wananchi wenzangu tutajifunza kumheshimu mtu anayejua kazi yake inapoishia.

Mkulima wa Minazi,
Mafia.