Skana ya negativu kubwa: usinunue namba ya kwenye boksi

Siku hizi swali hili naulizwa sana na wenzetu wanaouza huduma za picha mtandaoni: "Nataka kuskani negativu za zamani za wateja, ninunue skana gani ya bei nafuu?" Jibu langu haliwafurahishi wauzaji wa vifaa, lakini nalisimamia: kwa biashara ndogo, skana ya mezani ya mtumba inatosha. Na usikope hela kwa ajili yake.

Kwanza tuelewane ni negativu zipi. Sio zile nyembamba za milimita 35. Nazungumzia zile pana, filamu ya 120, yenye upana wa kama sentimita 6. Mafundi wengi wa studio za zamani walipiga kwa kamera za lenzi mbili, zile za kutazamia kwa juu kama Rolleiflex na Yashica, na mkanda mmoja ulitoa picha 12 za mraba. Ndizo hizo ziko kwenye bahasha na makopo ya biskuti majumbani. Wateja wangu wengi ni wajukuu. Mtu yuko Muscat au London, negativu ziko kwa shangazi Unguja. Anataka mambo mawili tu: sura ya babu ionekane vizuri, na negativu irudi salama. Haina nakala nyingine.

Sasa twende kwenye namba. Epson V600 imeandikwa DPI 6400. CanoScan 9000F imeandikwa 9600. Ukisoma boksi utadhani Canon imeiacha Epson mbali. Zikipimwa kwa kazi halisi, zote mbili zinatoa kama 1600 hivi, tofauti yao ni ndogo. Zinazobaki zinanenepesha faili tu na kukumalizia bando.

Je, 1600 inatosha? Chukua kalamu. Picha ya mraba kwenye filamu ya 120 ina milimita 56 kila upande, yaani inchi 2.2. Zidisha kwa 1600, unapata nukta 3,520. Picha nzuri ya karatasi inahitaji nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo unaweza kusafisha picha ya karibu sentimita 30 kila upande. Hiyo ni ya kuweka fremu sebuleni! Hesabu hiyohiyo kwenye filamu ya milimita 35 inakupa upande mfupi wa inchi 5 tu. Kwa kifupi, negativu kubwa inaisamehe skana ya bei nafuu.

Ukienda kununua, angalia haya:

1. Taa ya kwenye mfuniko. Negativu inamulikwa kutoka juu. Printa ya ofisini yenye skana haina taa hiyo. Kuna skana nyingine zina taa nyembamba inayotosha milimita 35 peke yake. Dada mmoja ninayemfahamu aliuziwa ya hivyo, akaambiwa "inaskani filamu zote". Nenda na negativu yako, ijaribu palepale.

2. Kishikio cha filamu ya 120. Bila hicho filamu inalala kwenye kioo na kuleta miduara ya rangi kwenye picha. Kwenye mtumba, kishikio ndicho kinachopotea kwanza. Kama hakipo, shusha bei au ondoka.

3. Kioo kwa ndani. Washa tochi ya simu, mulika kwa ubavu. Ukungu ukiwa ndani, picha zitatoka zimefifia.

4. Adapta. Mashine ikitoka Japani au Marekani, soma volti kwanza. Umeme wetu ni 230.

5. Programu. Hakikisha inafanya kazi na kompyuta yako. Skana nyingi za zamani zinafufuliwa na VueScan, ila ni ya kulipia, iweke kwenye hesabu.

Kitu kimoja usikilipie zaidi: mfumo wa kufuta vumbi kwa miali isiyoonekana. Wauzaji wanausifia sana, na kwa filamu za rangi unasaidia kweli. Lakini kwenye filamu za kawaida za nyeusi na nyeupe haufanyi kazi, kwa sababu fedha iliyomo kwenye filamu inaizuia miali hiyo. Na negativu za studio za zamani nyingi ni hizo. Nunua pampu ndogo ya kupuliza vumbi na glavu za pamba.

Tupige hesabu ya mfano. Mashine laki 8, na kila picha inakubakizia 2,500 baada ya gharama. Inajilipa kwa picha 320, yaani kama mikanda 27. Ukichukua ya milioni 3, unahitaji picha 1,200, wakati mteja anaziangalia WhatsApp. Mkopo hausubiri mikanda ije.

Wapo watakaosema kamera inaskani haraka kuliko skana. Ni kweli. Kama tayari una kamera nzuri na lenzi ya kupigia vitu vya karibu, ongeza meza ya taa na standi imara, anza kazi. Ila kama huna, usianzie huko, gharama itakuzidi.

Na akija mteja anayetaka bango la ukutani? Mpeleke kwa mwenye mashine kubwa, chukua kamisheni yako. Usinunue mashine kwa ajili ya mteja mmoja kwa mwaka.

Hela inayobaki nunua bahasha safi za kuhifadhia, andika jina la mteja na idadi ya negativu mbele yake, azihesabu akija kuchukua. Akipokea zote, picha inayofuata atakuletea wewe.