Ukucha Mmoja Mweusi

Ipo kauli ambayo nimeisikia tangu utotoni, kwamba saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu na wa ndugu zetu wenye ualbino. Mtu mweusi, tunaambiwa, Mungu alimvika mwavuli wake. Kauli hii husemwa sokoni, husemwa shuleni, na la kusikitisha zaidi, husemwa hata na baadhi ya waliovaa koti jeupe. Mimi nasema kauli hii inaua, na nitaipinga hapa bila kuionea haya.

Niipe kwanza haki yake. Ni kweli kwamba rangi yetu hutukinga na jua. Ni kweli pia kwamba wenye ualbino wanaumizwa vibaya na saratani zitokanazo na jua hilo, na wanaowahimiza kuvaa kofia pana na kupaka mafuta ya kinga wanafanya kazi ya haki. Lakini kutoka hapo watu wameruka wakafika pasipofikika: kwamba asiyechomwa na jua hana la kuogopa.

Iko saratani iitwayo melanoma. Huanzia katika zile chembechembe zinazotengeneza rangi ya mwili, na sisi weusi tunazo kama wengine. Kwetu haipendi mgongo wala uso. Hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, hasa kidole gumba cha mkono au cha mguu, ambako jua halina kazi kubwa. Ni ugonjwa wa nadra, sikatai. Lakini unadra wake haumsaidii kitu yule aliyekwisha kuupata.

Shemeji yangu, dereva mstaafu wa malori, aliupata. Ulianza kama mstari mweusi katika ukucha wa kidole gumba cha mguu. Mstari ukapanuka, ukucha ukapasuka, ukaanza kutoa majimaji. Zahanati ya kwanza wakasema ni fangasi, wakampa dawa ya kupaka. Aliporudi wakampa ile ile. Mahali pengine wakasema amejikwaa. Mahali pa tatu wakaung'oa ukucha, na kilichong'olewa kikatupwa kwenye ndoo ya taka. Jibu lote la ugonjwa wake lilikuwa ndani ya ndoo ile! Ilipita miaka miwili kasoro miezi minane kabla ya daktari mmoja kijana wa ngozi kuona kwamba weusi ulikuwa umevuka ukucha na kuingia katika ngozi. Akakata kipande, akakipeleka maabara. Kidole kikakatwa, lakini mtoki ulikuwa umekwisha kuvimba. Aliishi mwaka mmoja na nusu.

Matangani mzee mmoja alitikisa kichwa akasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sikumjibu, kwa heshima ya msiba. Namjibu sasa. Marehemu hakuficha maradhi. Aliyavulia kiatu mbele ya wataalamu mara nne. Methali zetu ni nzuri, lakini tusizitumie kumtwisha maiti mzigo wa walio hai.

Nitaulizwa: je, kila mwenye ukucha mweusi akatwe? Hapana. Wengi wetu tuna mistari myeusi katika kucha kadhaa, huongezeka kwa umri, na haina madhara yoyote. Kinachodai maswali ni ukucha mmoja uliojitenga na wenzake: mstari mpya kwa mtu mzima, unaopanuka, wenye rangi zisizolingana, au ambao rangi yake imemwagikia ngozi ya pembeni. Dalili hiyo ya mwisho ilielezwa na daktari Mwingereza, Jonathan Hutchinson, tangu karne ya 19. Haihitaji mashine. Inahitaji macho na dakika moja ya kutazama.

Nitaambiwa tena kwamba zahanati zetu ni maskini. Naam, ni maskini. Lakini kama ni fangasi, kwangua ukucha uone fangasi wenyewe kwa darubini. Kama ni damu iliyovilia, weka alama penye mpaka wake: damu husogea mbele pamoja na ukucha unapoota, kiasi cha milimita 3 kwa mwezi mkononi na kama milimita 1 mguuni. Doa lisilosogea si damu. Na kama huna darubini, andika barua ya rufaa, karatasi haijatushinda. Tunayo Ocean Road jijini Dar es Salaam, na pale KCMC, Moshi, wataalamu wa ngozi wamekuwa wakifundishwa tangu miaka ya 1990. Kinachoniudhi si umaskini. Ni kuandika dawa ile ile mara ya pili baada ya kuona mara ya kwanza imeshindwa.

Upande wa wagonjwa nako kuna uzushi wa kupingwa, nao ni kwamba kisu huamsha saratani. Wanaosema hivyo humtaja Bob Marley. Basi tumtaje vizuri. Mwaka 1977 aligunduliwa kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Alishauriwa kidole kikatwe, akakataa, akafanyiwa upasuaji mdogo zaidi. Aprili 1980 aliimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Tarehe 11 Mei 1981 alifariki mjini Miami, akiwa na miaka 36. Hakuna awezaye kuapa kwamba kukatwa kidole kungemponya, lakini kumtumia yeye kuwatisha watu wasipimwe ni kuipindua habari yake juu chini.

Ukweli ni kwamba kuwahi ndiko kunakopunguza kisu. Saratani hii ikikutwa bado haijachimba, mara nyingi daktari huweza kuondoa ukucha na nyama yake na kukiacha kidole. Ikichimba, kidole huenda. Ikifika mtokini na mapafuni, tunaanza kutafuta zile dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili, ambazo bei yake ni ya nyumba na shamba, na ambazo kwa melanoma ya aina hii mara nyingi husaidia kidogo kuliko kwa zile za Wazungu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, vua kiatu leo utazame, kisha mtazame na mama yako asiyeweza kuinama. Ukiona ukucha mmoja usioeleweka, nenda. Ukiambiwa ni fangasi, uliza kwa adabu: mmemwona? Na ukucha wako uking'olewa, usikubali utupwe. Dai upelekwe maabara pamoja na nyama iliyo chini yake, na usitulie mpaka usomewe majibu. Huo si ujeuri. Ni mwili wako.