Tuwafundishe Watoto Habari za Kukua Kabla Hawajakua



Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema neno juu ya somo moja ambalo sisi walimu hulifundisha kila mwaka, na kila mwaka tumechelewa. Somo lenyewe ni lile la hatua za ukuaji wa binadamu.

Wasomaji mliopita Kidato cha Nne mnalikumbuka. Mwalimu huandika ubaoni hatua tano: uchanga, utoto, ujana, utu uzima na uzee. Wanafunzi hunakili. Mwalimu afikapo kwenye ujana na kutaja balehe, madawati ya nyuma hucheka, wasichana huinamisha vichwa, naye mwalimu hukaza mwendo mpaka afike uzeeni, ambako hakuna wa kumcheka. Kengele hulia, na somo limekwisha.

Sasa tuhesabu miaka. Mwili wa msichana huanza kubadilika kati ya umri wa miaka 8 na 13, na wa mvulana kati ya miaka 9 na 14. Lakini muhtasari wa Biolojia tuliofundishia kwa miaka mingi, kabla ya mtaala mpya wa mwaka 2023, uliiweka mada ya ukuaji katika Kidato cha Nne, wakati mwanafunzi ana miaka 16, 17 au zaidi. Maana yake twamweleza habari za njia mtu ambaye amekwisha fika. Mkulima wa hapa Ugogo angetushangaa. Yeye huandaa shamba la uwele na mtama akitazamia mvua za Desemba. Hangoji mvua zikatike mwezi wa Aprili ndipo aende kutafuta mbegu.

Kuchelewa huku kuna hasara, nami naijua kwa kuwa ilinipata. Nilivunja ungo nikiwa darasa la sita katika shule ya kijiji. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia lolote. Nilidhani nimepata ugonjwa mbaya. Nikajifunga sweta kiunoni, nikatoroka kabla ya kengele, nikakaa nyumbani siku nne nikisema naumwa tumbo. Nadhani mama alijua, lakini naye aliona haya. Alinipa kitambaa bila kusema neno. Niliporudi, wenzangu walikuwa wamekwisha jifunza hesabu za asilimia, na hesabu hizo zilinisumbua mpaka siku ya mtihani. Basi na afikiri msomaji: siku nne kila mwezi, kwa mtoto mmoja, ni masomo mangapi kwa mwaka?

Wavulana nao wana hofu zao, ila hawazisemi. Mmoja sauti yake hukwaruza akisoma mbele ya wenzake, naye hunyamaza muhula mzima. Mwingine huona rafiki zake wote wamerefuka naye amebaki mdogo, akadhani ana kasoro. Laiti angeambiwa! Kuna tezi ndogo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, ambayo wakati ukifika hutoa homoni za kuuamsha mwili, na wakati huo si mmoja kwa watu wote. Kwa kawaida wasichana hutangulia kurefuka kwa karibu miaka miwili. Aliyewahi na aliyechelewa wote huwa wazima. Maneno haya hayamalizi dakika kumi, lakini yaweza kumwondolea mtoto mzigo wa mwaka mzima.

Wazee wetu hawakuchelewa hivi. Marehemu Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, aliandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotolewa mwaka 1954. Apendaye kuzijua mila hizo na akitafute. Katika jando na unyago mtoto alifundishwa na mtu mzima aliyeaminiwa, kwa lugha ya nyumbani kwao, wakati alipokuwa akiingia katika ujana. Hapo walitushinda.

Kosa lilikuwa kisu walichowashikia wasichana. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18. Hata hivyo uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Dodoma wanawake 47 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa, ambapo kwa nchi nzima walikuwa 10 katika kila 100. Tena baada ya sheria, wako waliogeuza desturi wakawakeketa watoto wachanga kwa siri, wasije wakajulikana. Mtoto mchanga afundishwe nini? Basi katika nyumba hizo mafunzo yamekwisha, kisu kimebaki. Tumeacha lililokuwa jema tukashika lililokuwa baya, na shule haijaliziba pengo.

Najua wako wazazi watakaosema, "Mwalimu, ukiwaambia watoto mambo haya unawafungulia mlango." Nawaheshimu, maana wanawapenda watoto wao. Lakini mlango huo haukufungwa. Mtoto asipoambiwa na mama wala mwalimu ataambiwa na wenzake njiani, au na simu, na wote hao hawatamwuliza umri wake. Mwaka 2018 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni lilitoa mwongozo uliopima uchunguzi wa nchi nyingi, nao unasema kwamba mafunzo ya namna hii hayawaharakishi vijana kuanza mambo ya watu wazima. Wahenga walikwisha sema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Hilo ni jambo jema. Lakini kutokutoka ni jema zaidi, na msichana hawezi kujilinda na jambo ambalo hajaelezwa.

Kuna kizuizi kingine, nacho ni lugha. Katika sekondari twalifundisha somo hili kwa Kiingereza. Mwanafunzi aweza kuzitaja hatua zote tano katika mtihani akapata alama zake zote, na jioni akashindwa kumweleza mdogo wake neno moja kwa Kiswahili, sembuse kwa Kigogo. Elimu ya namna hiyo huishia kwenye karatasi ya majibu.

Kwa hiyo nashauri mambo manne. Kwanza, wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wapewe mafunzo haya katika muhula wao wa kwanza, kwa Kiswahili, nje ya vipindi vya mtihani; na wenzetu wa shule za msingi waanze tangu darasa la nne au la tano. Pili, wavulana na wasichana wasikie mafunzo yote pamoja, ili wasichekane kwa ujinga, kisha watengwe kwa ajili ya maswali. Tatu, liwepo sanduku la maswali yasiyo na jina, maana haya ni haya. Nne, siku ya mkutano wa wazazi tumwalike muuguzi wa zahanati pamoja na bibi mmoja mwenye heshima kijijini, wazazi wasikie yatakayosemwa kabla watoto hawajasikia.

Na Kidato cha Nne? Wao wasiache somo hili. Hatua ya uchanga, ambayo huipita mbio, ndiyo itakayowafaa baadaye watakapokuwa baba na mama. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Atakayemlisha mtoto wa kesho ameketi leo katika madawati yale ya nyuma, akicheka. Kwa hatua hiyo moja, angalau, sisi walimu bado hatujachelewa.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mzazi, mwalimu au mwanafunzi aliye na maoni mengine na aandike katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa furaha.

Ni mimi,
Mwalimu wa Biolojia